Drafti ya NFL hatua kwa hatua: namna timu zinavyochagua wachezaji kutoka vyuoni

Kila mwisho wa Aprili, timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hukaa siku tatu kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Hakuna ada ya uhamisho, wala timu kubwa haiwezi kumnyakua kijana kwa kupandisha dau. Timu huchagua kwa zamu, na iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo inayoanza. Mchezaji akishachaguliwa, timu nyingine za ligi haziruhusiwi kumpa mkataba. Kwetu sisi tuliozoea dirisha la usajili, ambako mwenye fedha ndiye mwenye nyota, huu ni utaratibu mgeni. Ndiyo maana wengi hukesha usiku mmoja, wakaona majina yanasomwa na vijana wanavishwa kofia, wakaenda kulala bila kujua nani kapata na nani kaliwa.

Mwongozo huu unakuweka kwenye kiti cha meneja mkuu wa timu, kuanzia Agosti hadi kambi ya msimu unaofuata. Msimamo wangu niuseme mapema: katika drafti huumia anayeamini kwamba jicho lake halikosei. Anayedumu ni yule anayejua kuwa atakosea mara nyingi, hivyo akajikusanyia nafasi nyingi za kujaribu.

Hatua ya 1: Ijue foleni

Chanzo cha yote ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikichapwa kila wiki. Wakati huo mchezaji aliyemaliza chuo alikwenda kwa aliyempa fedha zaidi, na timu chache zenye nguvu zilijichukulia walio bora. Mwaka 1935 Bell aliwashawishi wamiliki wenzake wakubali kwamba wa mwisho awe wa kwanza kuchagua. Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia: timu 9, raundi 9, majina 81. Eagles, walioshika mkia, walimchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Bell hakuona kama angeweza kumlipa, akaziachia Chicago Bears haki zake, nao wakashindwa kuelewana naye kuhusu mshahara. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti hakucheza hata mechi moja ya NFL.

Siku hizi raundi ni 7. Timu 18 zilizokosa mtoano huchukua nafasi ya 1 hadi ya 18, yenye rekodi mbaya zaidi ya ushindi na kushindwa ikitangulia. Zikifungana kwa rekodi, inayotangulia ni ile iliyokutana na wapinzani dhaifu zaidi, kwa hoja kwamba anayeshindwa mbele ya wanyonge anahitaji msaada kuliko mwingine. Nafasi ya 19 hadi ya 24 ni za waliotolewa raundi ya kwanza ya mtoano, ya 25 hadi ya 28 ni za waliotolewa raundi ya pili, ya 29 na ya 30 ni za walioishia mlangoni mwa fainali. Aliyeshindwa Super Bowl, yaani fainali yenyewe, ni wa 31, bingwa ni wa 32.

Kisha kuna nafasi za fidia. Timu ikipoteza wachezaji waliomaliza mikataba kuliko iliowapata, ligi huipa nafasi ya ziada mwishoni mwa raundi fulani, kati ya ya tatu na ya saba. Tangu 2020 timu pia hupewa nafasi za ziada za raundi ya tatu pale msaidizi wake anayetoka katika jamii za walio wachache anapoajiriwa na timu nyingine kuwa kocha mkuu au meneja mkuu. Ndiyo maana raundi saba za timu 32, ambazo kwa hesabu ya kawaida ni nafasi 224, mwaka 2025 zilitoa wachezaji 257.

Cha kufanya: tafuta orodha ya nafasi zote za timu unayoifuatilia, za mwaka huu na za mwaka ujao, uziandike. Timu nyingi zimeshauza au kununua baadhi. Bila orodha hiyo hutaelewa kwa nini timu inakaa kimya raundi nzima.

Hatua ya 2: Jua nani anaruhusiwa

Sharti ni moja: iwe imepita miaka mitatu tangu kijana alipomaliza, au alipopaswa kumaliza, sekondari. Maurice Clarett, mkimbizaji mpira wa Ohio State, alilipinga sharti hilo mahakamani. Mapema 2004 alishinda katika mahakama ya chini, lakini miezi michache baadaye mahakama ya rufaa ikaipa ligi ushindi, na sharti lipo mpaka leo.

Aliyemaliza muda wake wa kucheza chuoni huingia mwenyewe. Anayetaka kuondoka mapema hutangaza nia katikati ya Januari. Kabla ya hapo anaweza kuomba tathmini ya kamati ya ligi, inayomweleza kama anaonekana ni wa raundi ya kwanza, ya pili, au abaki darasani. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, kwa hiyo wengi ambao zamani wangekimbilia drafti sasa hubaki chuoni wakilipwa. Timu inayotafuta kijana wa raundi ya nne au ya tano inakuta kapu limepungua.

Hatua ya 3: Tuma macho mashambani

Kazi yenyewe huanza Agosti. Kila timu ina wasaka vipaji wa kanda, na kila mmoja hupewa majimbo kadhaa. Huenda chuo kwa chuo, asubuhi anatazama video, mchana yuko mazoezini, Jumamosi yuko uwanjani. Anazungumza na makocha, na daktari wa timu, na mshauri wa masomo, na yeyote anayemwona kijana siku ambazo hakuna kamera. Timu nyingi pia huchangia mashirika ya pamoja, kama BLESTO na National Football Scouting, yanayozipa orodha ya mwanzo ili zisianze na maelfu ya majina yasiyojulikana.

Ukitaka kuona anachokiona msaka vipaji, acha kuufuata mpira. Mchukue mkingaji wa pembeni, yule jitu anayemlinda kwotabeki, yaani mpangaji na mrushaji wa timu. Mpira ukianza, tazama miguu yake tu. Je, anarudi nyuma kwa hatua fupi huku magoti yamekunjika, au anasimama wima mapema? Mpinzani akiukata upande wa ndani, mguu wake wa ndani unawahi? Halafu tazama mikono: inafika kifuani mwa mpinzani kwanza, au inachelewa ikashika bega? Mwisho, na hapa ndipo penye thamani, tafuta mara ambazo ameshazidiwa. Mwingine akipitwa anasimama akitazama. Mwingine anageuka na kusukuma hata kwa kiwiko ili kwotabeki apate nusu sekunde. Video ya dakika tano mtandaoni yenye muziki haikuonyeshi hilo, kwa sababu imekusanya ushindi wake peke yake. Tafuta mechi nzima, na uanze na ile aliyocheza dhidi ya chuo kigumu kuliko vyote kwenye ratiba yake.

Taarifa za kanda hupelekwa kwa wakaguzi wa ngazi ya juu, ambao humtazama kijana yuleyule bila kutegemea sifa za mwenzao. Timu inapoona wawili wametofautiana sana, humtuma wa tatu.

Hatua ya 4: Mpime, lakini vipimo visikutawale

Mwishoni mwa Januari wanaomaliza chuo hualikwa Senior Bowl, mechi ya kuonyesha vipaji mjini Mobile, Alabama. Binafsi wiki ile ya mazoezi naithamini kuliko mechi yenyewe, kwa sababu kijana wa chuo kidogo anakabiliana ana kwa ana na wa chuo kikubwa, mbele ya makocha wa ligi.

Baadaye, karibu mwezi mmoja kupita, wachezaji zaidi ya 300 hukusanywa Indianapolis katika majaribio yanayoitwa Combine, yanayofanyika mji huo tangu 1987. Kipimo kinachopendwa na televisheni ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Xavier Worthy alikimbia kwa sekunde 4.21 mwaka 2024, akavunja rekodi ya John Ross ya sekunde 4.22 iliyowekwa 2017. Kuna pia kuruka juu, kuruka mbele kutoka palepale, kugeuka kati ya koni, na kunyanyua uzito wa kilo 102 mara nyingi kadiri mtu awezavyo.

Wanaoketi upande wa timu wanafuata zaidi kile kisichorushwa hewani, yaani uchunguzi wa madaktari. Hapo goti lililowahi kupasuliwa, bega linaloteguka, hata mapigo ya moyo, huangaliwa na madaktari wa timu 32. Haja ya kuwapima wote mahali pamoja ndiyo iliyozaa majaribio haya. Kijana anaweza kukimbia kama upepo Jumamosi na jina lake likafutwa Jumapili kwa sababu ya picha ya eksirei.

Usiku kuna mahojiano mafupi. Mchezaji huwekewa video ya mechi aliyoboronga na kuulizwa: nani alikosea hapa, na kazi yako ilikuwa ipi? Jibu linaloanza kwa kumtaja mwenzake hupunguza alama. Machi kila chuo huandaa siku yake ya majaribio, na kila timu inaweza kuwaita makao yake hadi wachezaji 30 kwa mazungumzo marefu. Ukisikia timu imemwita mtu, usihitimishe kwamba inamtaka. Pengine ina shaka juu ya goti lake na inataka kulipima tena.

Kwa wakingaji wakubwa, yadi 40 hazina maana sana, maana hawakimbii umbali huo mechini. Tazama muda wa yadi 10 za kwanza. Na kwa kwotabeki, ukubali tu kwamba hakuna kipimo cha kutosha. Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa polepole mno. Mwaka 2000 makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake, mpaka New England Patriots walipomchukua katika raundi ya sita, nafasi ya 199, na nafasi hiyo yenyewe ilikuwa ya fidia. Alistaafu na mataji saba ya Super Bowl.

Lakini vipimo vina kazi yake pale mchezo wenyewe haujasema mengi. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Brigham Young, na hakuwa ameucheza mchezo huu mpaka 2010. Video zake zilikuwa chache na zenye makosa mengi. Urefu wake, kasi yake na namna alivyojitokeza Senior Bowl viliwashawishi Detroit Lions wakamchukua nafasi ya 5 mwaka 2013.

Hatua ya 5: Panga ubao

Kuanzia Februari meneja mkuu, wasaka vipaji na makocha hujifungia chumbani wakijenga ubao. Safu za wima ni nafasi za uwanjani, mistari ya mlalo ni raundi, na kila kijana ana kibao chake chenye jina, chuo, urefu, uzito na alama. Kibandiko cha rangi humaanisha jeraha, kingine humaanisha mwenendo wa mashaka. Mwisho wa kazi, kati ya mamia waliochunguzwa, timu nyingi hubaki na majina machache ambayo kweli iko tayari kuyachukua. Wengine wote wanakuwa mali ya wenzao.

Swali linalozua ugomvi ni hili: umchukue aliye bora kati ya waliobaki, au anayeziba pengo lako? Wengi husema la kwanza mbele ya waandishi na kufanya la pili usiku wa drafti. Mimi naegemea ubora, hasa raundi za juu, na mfano wangu ni Mathias Kiwanuka. Huyu ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda; alizaliwa Indianapolis na kuchezea Boston College. Mwaka 2006 New York Giants walimchagua katika raundi ya kwanza ilhali tayari walikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora, wote wawili walinzi wa pembeni ambao kazi yao ni kumwangusha kwotabeki, kazi ileile ya Kiwanuka. Mashabiki wengi waliuliza wa nini. Katikati ya 2008 Strahan akastaafu, na Agosti mwaka huohuo Umenyiora akaumia goti kabla msimu haujaanza. Kiwanuka, ambaye walikuwa wamemhamishia nafasi nyingine, akarudishwa pembeni, na safu ikasimama. Pengo la mwaka huu unaliona. La mwaka kesho kutwa hulioni, ila lipo.

Nafasi ya kwotabeki peke yake huvunja kanuni zote. Mwaka 2024 makwotabeki sita walichukuliwa katika nafasi 12 za mwanzo. Timu isiyo na kwotabeki hukata tamaa, na mwenye kukata tamaa hulipa zaidi.

Hatua ya 6: Ijue bei ya kila nafasi

Hapa ndipo penye utamu wa drafti kwa maoni yangu, na ndipo mtazamaji mpya anapoachwa nyuma. Nafasi ya kuchagua ni mali. Inauzwa, inagawanywa, inakopwa kutoka mwaka ujao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys, chini ya kocha Jimmy Johnson, walitengeneza jedwali linaloipa kila nafasi pointi. Ya kwanza ni pointi 3,000, ya pili 2,600, ya 10 ni 1,300, ya 16 ni 1,000, ya 32 ni 590. Tazama mteremko ulivyo mkali: ukishuka nafasi 15 tu kutoka juu, theluthi mbili ya thamani imekwenda. Cowboys walihitaji jedwali kwa sababu walikuwa na rundo la nafasi. Oktoba 1989 walimpeleka Herschel Walker Minnesota Vikings, na katika mzigo waliorudishiwa mlikuwa na nafasi nyingi za drafti, ambazo zilisaidia kujenga timu iliyochukua Super Bowl tatu katika misimu minne.

Sasa rudi kwa Kiwanuka, tufanye hesabu pamoja. Giants walikuwa na nafasi ya 25. Pittsburgh Steelers, mabingwa wa msimu huo, walikuwa mkiani kwenye ya 32, nao walitaka kupanda kumchukua Santonio Holmes, mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa na kwotabeki. Wakatoa nafasi ya 32, ya 96 na ya 129. Kwa jedwali la zamani, ya 25 ni pointi 720. Ya 32 ni 590, ya 96 ni 116, ya 129 ni 43, jumla 749. Giants walishuka ngazi saba, wakampata mchezaji waliyemtaka, wakaondoka na wawili wa ziada. Steelers nao hawakulia: Holmes ndiye aliyedaka mpira wa ushindi katika Super Bowl ya msimu wa 2008. Biashara nzuri inaweza kuwafaa wote wawili.

Lakini kuna biashara za kuumiza. Mwaka 2023 Carolina Panthers walitaka kwotabeki kwa gharama yoyote. Walikuwa na nafasi ya 9 wakaipanda ya kwanza, mali ya Chicago Bears, kwa kutoa ya 9, ya 61, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora DJ Moore. Wakamchukua Bryce Young. Houston Texans, waliofuata, wakabaki na C.J. Stroud, aliyetajwa mchezaji bora mpya wa mashambulizi msimu ule. Panthers walimaliza na ushindi wa mechi 2 na kushindwa 15, wakawa wa mwisho, na kwa kuwa nafasi yao ya 2024 walishaiuza, Bears ndio waliochagua wa kwanza. Wakamchukua Caleb Williams. Nafasi ya mwaka ujao huonekana rahisi kuitoa kwa sababu hujui itakuwa ya ngapi. Ichukulie kila mara kana kwamba itakuwa ya juu kabisa, ndipo uamue.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walichunguza miaka mingi ya drafti na kukuta kwamba timu huzilipia nafasi za juu kuliko faida inayopatikana. Ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja ya uwanjani, waliochaguliwa wakifuatana, uwezekano wa yule wa kwanza kumzidi wa pili kwa mechi za kuanza ni zaidi kidogo ya nusu. Ikiwa hali ndiyo hiyo, kupanda kunahitaji sababu kubwa, na kushuka kunahitaji sababu ndogo tu.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Drafti huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na ni raundi ya kwanza peke yake. Raundi ya pili na ya tatu huanza saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Raundi ya nne hadi ya saba ni Jumamosi kuanzia saa moja jioni kwetu, muda wa kuutazama bila kukesha. Ukiweza usiku mmoja tu, nakushauri ule wa raundi ya pili na ya tatu. Wachezaji wanaokuja kuwa nguzo hutoka humo kwa wingi, na timu zinakuwa zimelala na ubao, zimefikiri upya, na simu za biashara zinalia tangu asubuhi.

Katika drafti za miaka ya karibuni hadi 2025, kila timu ilipewa dakika 10 raundi ya kwanza, 7 ya pili, 5 ya tatu hadi ya sita, na 4 ya saba. Muda ukiisha hunyang'anywi zamu, ila wanaofuata wanaweza kukupita. Mwaka 2003 Minnesota Vikings, waliokuwa nafasi ya 7, walikuwa bado wanabishana kwenye simu kuhusu biashara saa ilipogonga. Jacksonville Jaguars wakawapita, Carolina Panthers wakawapita, na Vikings wakachagua wakiwa wa 9. Bahati nzuri Kevin Williams waliyemtaka alikuwa bado yupo.

Chumbani mwa timu, simu moja iko wazi kwa mjumbe aliyeko ukumbini, nyingine ni za wapinzani wanaotaka kupanda, na moja ni ya mchezaji. Jina huwasilishwa kabla ya kusomwa jukwaani, kwa hiyo mtazame kijana aliyekaa na wazazi wake: simu yake ikiita na mama akianza kulia, jina lake linakuja.

Angalia pia mwisho wa raundi ya kwanza. Mkataba wa aliyechaguliwa raundi hiyo unaipa timu haki ya kuongeza mwaka wa tano; wa raundi ya pili hauna haki hiyo. Ndiyo maana mwaka 2018 Baltimore Ravens walinunua nafasi ya 32 kutoka Eagles ili kumchukua kwotabeki Lamar Jackson, badala ya kusubiri apatikane baada ya nafasi chache tu. Jackson ametajwa mchezaji bora wa ligi mara mbili.

Hatua ya 8: Mikataba, na waliosahaulika

Zamani aliyechaguliwa wa kwanza alikuwa tajiri kabla hajagusa mpira. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika. Mwaka 2011 ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana viwango kwa kila nafasi, na Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, akasaini miaka minne kwa dola milioni 22. Tangu hapo kijana mzuri mwenye mkataba wa miaka minne ndiye mali rahisi kuliko zote katika ligi, maana timu inapata kiwango cha nyota kwa mshahara wa mwanafunzi, na fedha zinazobaki inanunulia wengine.

Mchezaji anaweza kukataa. Bo Jackson alichaguliwa wa kwanza na Tampa Bay Buccaneers mwaka 1986, akaenda kucheza besiboli, na mwaka uliofuata Raiders wakamchukua katika raundi ya saba. Ni nadra, maana gharama yake ni msimu mzima.

Jina la mwisho likishasomwa, usizime. Dakika hizo hizo simu hulia kwa vijana ambao hawakuchaguliwa, na sasa wao ndio wanaochagua timu. Wakala mwerevu hatazami bonasi ya kusaini tu; anahesabu ni wangapi walioko mbele ya mteja wake katika nafasi yake. Kurt Warner na James Harrison, waliokuja kuwa nyota, waliingia ligi kwa mlango huu. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita drafti, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Tangu 2017 ligi ina programu ya kuwaandaa wachezaji kutoka nje ya Marekani, na mmoja wao, Jordan Mailata wa Australia, aliyekuwa mchezaji wa raga, alichaguliwa na Eagles mwaka 2018 katika raundi ya saba, nafasi ya 233. Mwezi Februari 2025 alikuwa mkingaji wao walipochukua Super Bowl.

Kambini huingia wachezaji 90, na mwishoni mwa Agosti lazima wabaki 53. Iwekee alama tarehe hiyo kwenye kalenda, kwa sababu siku inayofuata timu zenye rekodi mbaya hutangulia kuwachukua walioachwa, kwa foleni ileile ya drafti. Wasiochukuliwa na yeyote huweza kurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, wakalipwa kwa wiki, wakisubiri mtu aumie.